Sake Tuliyomnywea Shangazi

Majuzi nilikuwa Columbus. Kazini kwetu walikuwa wanamuaga mwenzetu mmoja, wakatupeleka kwenye mkahawa wa Kijapani. Mimi nilifuata wali na samaki tu, sikuficha. Mara mhudumu akaja na chupa na vikombe vidogo, akatumiminia. Nikasogeza kikombe puani kabla sijakumbuka kwamba mimi ni mtoto wa shemasi na kwamba watu wa nyumba yetu hawanywi. Harufu ikanipanda kichwani. Ndugu yangu, nilibaki na kikombe puani mpaka wenzangu wakaniuliza kama naumwa. Ningewaambia nini? Kwamba harufu ile naijua tangu utotoni? Kwamba mara ya mwisho nilipoinusa, shangazi yangu aliolewa au hakuolewa, na mpaka leo hakuna wa kuniambia ni lipi kati ya hayo mawili?

Kaa hapa nikusimulie, huenda wewe utaelewa kuliko mimi.

Mwaka ule wa 2015 tulikuwa tunakaa Louisville, upande wa Okolona, kwenye apatimenti ya chini yenye zulia la rangi ya chai. Tulikuwa baba na mama, mimi na wadogo zangu, shangazi ambaye ni dada mdogo wa baba, na koko. Koko ndivyo tunavyomwita bibi sisi watu wa Kongo ya mashariki. Jioni ndege za mizigo zilipita juu ya paa moja baada ya nyingine, na sisi watoto tulizoea kukatiza maneno, kungoja, kisha kuendelea pale tulipoishia. Jumamosi nyumba ilinuka ndagala, yaani dagaa, wa kukaanga, na hapo lazima kile kidude cha moshi kilichobandikwa darini kianze kulia. Kazi yangu ilikuwa kupanda kwenye kiti na kukipepea kwa taulo mpaka kinyamaze.

Kazi yangu nyingine ilikuwa kuchambua mchele. Mchele wa Marekani hauna jiwe hata la dawa, lakini koko hakutaka kusikia. Alikuwa amelima mpunga kule bonde la Ruzizi tangu usichana wake hadi vita vilipomtoa, na kwake mchele usiopitiwa na mkono wa mtoto haukuwa chakula. Kwa hiyo nilikaa mbele ya ungo nikitafuta mawe yasiyokuwepo, huku wadogo zangu wakiangalia runinga.

Halafu kulikuwa na kazi ya ukalimani, hiyo ndiyo iliyonizeesha mapema. Wadogo zangu walikuwa tayari wakiulizwa kwa Kiswahili wanajibu kwa Kiingereza. Baba na mama walikuwa na Kiingereza cha kazini, cha sanduku na saa. Mimi nilibaki na vyote viwili mdomoni. Daktari wa koko, mwenye nyumba, mwalimu, fundi wa jiko, wote walipitia kwangu. Baba alinifundisha sheria moja tu, nayo ni kwamba niseme kilichosemwa, nisitie chumvi.

Sasa shangazi. Alikuwa mrefu, mtaratibu, mwenye kucheka kwa puani, na alifanya kazi katika kiwanda cha vipuri vya magari huko Jeffersontown. Alikuwa ameshavuka ule umri ambao koko aliuona ndio wa kuolewa, na jambo hilo lilikuwa linaitesa nyumba nzima. Kaka mkubwa wa baba, ambaye kwangu ni baba mkubwa na ndiye aliyekuwa kichwa cha ukoo wetu Marekani, alikaa Columbus. Yeye alikuwa amekwisha kumpatia mtu: mwanaume wa kanisani kwao, aliyefiwa na mke, mwenye watoto wake na gari lake. Kila Jumapili baada ya ibada baba mkubwa alipiga simu, baba akaiweka kwa sauti kubwa, wakazungumza juu ya mtu huyo na lini aje, huku shangazi mwenyewe akiosha sahani.

Kule kiwandani kulikuwa na Mjapani mmoja aliyetumwa kutoka kwao kuja kufundisha watu mashine. Tulimjua kwa sababu ya ndagala. Siku moja shangazi alifungua chakula chake cha mchana, wale wenzake wa kizungu wakahama meza kwa harufu, Mjapani akahamia. Alisema kwao nao wanakula wali na visamaki vikavu vya namna hiyo. Koko aliposikia hivyo alifurahi kupita kiasi. Tangu siku hiyo akawa anafunga vibakuli viwili, kimoja cha shangazi na kimoja cha yule mtu. Na kibakuli hakikurudi kitupu hata siku moja. Kilirudi kimeoshwa, ndani yake mna biskuti za mchele, au majani ya chai, au maembe makavu ya dukani. Koko alisema huyo mtu amelelewa.

Basi siku moja shangazi akarudi kazini, akavua viatu, akasema kwamba yule Mjapani anaomba kuja Jumamosi kuwasalimia wazazi, na kwamba angependa kuja na chupa ya sake, pombe ya kwao ya mchele. Alisema kama mtu anayesema mvua itanyesha. Mama akaacha kusonga fufu.

Hapa lazima nikueleze, maana kama hukulelewa kwetu utaona ni chupa tu. Kwetu mwanaume haji na pombe kwa wazazi wa msichana hivi hivi. Anaileta, inawekwa chini, haifunguliwi. Wakubwa wanamuuliza imekuja kutafuta nini. Akishajibu, msichana anaitwa mbele ya watu wote na kuulizwa: tunywe au tusinywe? Akikataa, mgeni anachukua pombe yake anakwenda zake. Akikubali, wakubwa wanakunywa, na tangu hapo hakuna mwanaume mwingine mwenye neno juu ya msichana huyo. Hata sisi tuliookoka tunafuata hivyo hivyo, tofauti ni kwamba tunaleta kreti za Fanta.

Shangazi alijaribu kusema kwamba ni mtu wa kazi tu. Koko akamjibu kwamba wasichana wote husema hivyo. Baba alitaka kujua jinsi gani pombe ya kweli itaingia nyumbani kwa shemasi, koko akamwambia Mjapani atayajulia wapi mambo ya Fanta. Mama aliuliza swali moja tu, kama ameokoka, na hakuna aliyejua. Ikabidi baba apige simu Columbus. Baba mkubwa alisikiliza, kisha akasema, "Mujapani?" Alikuwa na mtu wake, na mtu huyo alikuwa ameshaahidiwa nusu nusu. Lakini pombe ikiwa njiani haiwezi kurudishwa kabla haijasikilizwa. Akasema anakuja, na kisifunguliwe kitu mpaka afike.

Jumamosi ile shangazi alivaa suruali ya jinzi, akavua, akavaa kitenge, akavua, akavaa jinzi tena. Nilikuwa nimekaa kitandani kwake namtazama. Nikamuuliza, kwa Kiingereza, kama anataka kuolewa na Mjapani. Akaniambia niende nikachambue mchele. Alipotoka chumbani alikuwa na kitenge.

Mgeni alikuja saa ile ile aliyosema, jambo ambalo lilitukuta baba akiwa bado hajafunga vifungo vya shati. Aliacha viatu mlangoni bila kuambiwa. Chupa aliifunga katika kitambaa cha buluu, akaishika kwa mikono miwili, akainama mbele ya koko, akaitoa. Ndugu yangu, ungeona uso wa koko! Mikono miwili, kuinama, pombe iliyofunikwa. Alinigeukia akaninong'oneza, "Huyu njo wamemufundisha," yaani huyu ndiye aliyefundishwa adabu zetu. Hata mimi, mtoto wa darasa la tano, nilianza kuamini.

Baba mkubwa alikuwa kwenye kiti kikubwa, amevaa koti la harusi. Alikohoa. "Bon," akasema, "tumeona mugeni, na tumeona pombe. Donc tunauliza, hii pombe inatafuta nini hapa kwetu?" Nikasema kilichosemwa. Mjapani alifikiri kidogo, akanijibu polepole ili nisikose neno. Alisema amekuja kwa sababu ya shangazi. Alikuja nchi hii peke yake na alikuwa mpweke, na shangazi akamlisha kama mtu wa nyumbani. Alitaka kuwaona watu waliomlea mwanamke wa namna hiyo na kuwashukuru kwa heshima yote. Nikatafsiri lote, sikuongeza hata punje. Mama akafuta jicho kwa ncha ya kitenge. Baba mkubwa aligeuza geuza miwani yake mkononi, na nikaona kwamba mtu wake wa Columbus anampotea hivi hivi, mbele ya macho.

Akaitwa shangazi. Akatoka jikoni, akapiga magoti kwenye zulia kama inavyotakiwa. Hapa baba mkubwa akaninyooshea kidole nisitafsiri, kwa sababu swali hilo ni la msichana na watu wake. Mjapani alikaa anatabasamu, mikono juu ya magoti, anangoja tunachongoja sote.

"Unamujua huyu mutu?" baba mkubwa akauliza.

Shangazi akasema anamjua.

"Hii pombe, tukunywe ao tusikunywe?"

Nimeikumbuka hali ile mara nyingi. Sufuria ilikuwa inachemka jikoni. Shangazi alimtazama koko, akamtazama baba, akamtazama baba mkubwa, mmoja mmoja, bila haraka. Mgeni hakumtazama kabisa.

"Mukunywe," akasema.

Koko akapiga vigelegele vilivyowaamsha wadogo zangu chumba cha pili. Mjapani alishtuka, halafu akapiga makofi, maana aliona watu wamefurahi naye akafurahi.

Ndipo akafungua kitambaa chake. Alikuwa na vikombe vidogo vya udongo ambavyo koko alidhani ni vya watoto kuchezea. Akatufundisha, kupitia mdomo wangu, kwamba pombe hii hainywewi kwa pupa. Unaanza na pua. Kisha unachukua kidogo, unaiacha ikae juu ya ulimi, unavuta pumzi, ndipo unameza. Baba mkubwa alikuwa ameshameza yote kwa mkupuo mmoja, anangoja imuume kama kanyanga, ile pombe kali ya kwetu. Haikumuuma. Akaangalia ndani ya kikombe, akauliza kama hiyo ndiyo yenyewe au bado. Baba aligusisha mdomo, akajipangusa haraka kama vile mchungaji amesimama dirishani.

Koko alifuata maagizo yote. Kabla ya kuokoka alikuwa akipika kasiksi, pombe ya ndizi iliyonywewa na mtaa mzima, kwa hiyo hakuwa mgeni wa mambo hayo. Alinusa. Alifumba macho. Aliishika mdomoni muda mrefu hadi tukaanza kuogopa, kisha akasema inanuka kama sufuria ya wali uliolala, asubuhi unapofunua. Nilipomtafsiria mgeni, alicheka, akasema hajawahi kusikia mtu akiieleza vizuri hivyo. Akaeleza kwamba mchele wa sake unasuguliwa na kusuguliwa, ganda na nyama ya nje vinaondoka, unabaki moyo wa punje tu. Koko akakasirika. Aliniuliza kama wanautupa mchele huo unaotoka. Nikauliza. Mgeni akasema hapana, wanatengenezea vitu vingine. Koko akaniamuru niulize tena. Aliporidhika alichovya kidole katika kikombe chake, akanipaka ulimini, baba akiwa ameangalia pembeni. Ilikuwa tamu, halafu kali, halafu kama maji. Sikuelewa kama ni nzuri au mbaya.

Sasa kikombe cha mgeni kilikuwa kitupu. Alikuwa amemimina vya wote, chake hakukigusa, na chupa iko mbele yake. Nilijua baadaye kwamba kwao mtu hajimiminii mwenyewe, anangoja mwenzake ammiminie. Koko hakujua hilo. Yeye aliona mwanaume anayengoja amiminiwe na mkono unaotakiwa, kwa sababu kwetu pia ndivyo inavyofungwa: msichana humpa kikombe yule aliyemkubali. Akamwambia shangazi, "Muwekee." Shangazi akapiga magoti tena, akamimina, akamkabidhi kwa mikono miwili. Mjapani akapokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akanywa. Nyumba nzima ilishusha pumzi.

Hapo ndipo mgeni akasema, na mimi nikajikuta nina maneno mdomoni nisiyojua niyaweke wapi, kwamba mkataba wake umeisha, kwamba mwisho wa mwezi anarudi kwao Japani. Nilimtazama shangazi. Alikuwa anakusanya vikombe. Nikasema kilichosemwa. Nilidhani koko atalia. Baba mkubwa akaitikia kwa kichwa kwamba ni vizuri kabisa, ndiyo utaratibu, aende akawaambie wakubwa wake. Nikamtafsiria mgeni kwamba wanasema ni vizuri, akawaambie wakubwa wake. Akajibu kwamba mama yake yu hai, na jambo la kwanza atakalofanya ni kumsimulia mama yake juu ya nyumba hii. Nikatafsiri. Sasa koko akalia kweli, kwa furaha, akamshika mgeni kichwa kwa mikono yote miwili na kumwombea baraka. Mimi nilisimama katikati yao na akili imenivurugika. Kila neno nililipeleka salama, kila mtu alifurahi, na bado nilihisi kuna kitu hakiko sawa ila sikuweza kukitaja kwa lugha yoyote kati ya hizo mbili.

Akaenda. Tulingoja wakubwa wake. Jumapili za kwanza baba mkubwa alipiga simu kuuliza kama kuna habari kutoka Japani, baadaye akawa hasemi lolote juu ya hilo. Mtu wake wa Columbus aliambiwa kwamba msichana ameshanywewa pombe, akatafuta kwingine, akaoa. Kijana mmoja wa kwaya alipoanza kuja kuja kwetu, koko alimfukuza mwenyewe kibarazani, akamwambia humu hamna msichana, mna mke wa mtu. Shangazi aliendelea na kazi yake. Halafu akatangaza kwamba anahamia Buffalo, rafiki yake wa tangu kambi ya wakimbizi amempatia kazi ya kutunza wazee. Hakuna aliyeweza kumzuia, maana alishakuwa wa nyumba nyingine, na nyumba hiyo haikuwepo ya kuulizwa.

Baada ya ule mkahawa sikutulia. Jumamosi iliyofuata nikaendesha gari kutoka Columbus mpaka Buffalo, upande wa Kensington-Bailey, ambako shangazi anakaa ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao. Alinipikia wali na ndagala. Amenenepa kidogo, amekuwa na miwani, kucheka kwake ni kule kule. Tuliongea juu ya apatimenti ya Okolona, ambayo nilipita nikaona imepakwa rangi na watoto wengine wanachungulia dirishani. Tuliongea juu ya baba mkubwa na koti lake, ambalo tulimzikia nalo. Tuliongea juu ya koko, aliyefariki akiwa bado anasema mkwe wake wa Japani ana safari ndefu. Sasa hakuna tena mtu wa kupeleka mchele kwenye ungo. Ndipo nikamuuliza kama siku ile alijua kwamba mgeni hakuja kuposa.

"Nilijua," akasema. "Alikuwaka na bibi wa ndoa na batoto. Alinionyeshaka picha yabo kila siku saa ya kula."

Nikaweka kijiko chini. Nikamuuliza, sasa kwa nini alisema tunywe.

"Juu muliniuliza," akasema. "Ule wa Columbus, hakuna mutu aliniulizaka. Mulikuwa munasema ninyi na ninyi kwa simu. Ya Mujapani njo muliniuliza, mbele ya batu bote, mukangoja. Basi nikajibu."

Nilikaa na jibu hilo, nikiligeuza. Nikaona linaeleza mambo yote isipokuwa moja: kitenge alichovaa na kuvua, na jinsi alivyopiga magoti mara ya pili. Nikamuuliza kama alimpenda.

"Ile hamukuniuliza," akasema, akainuka kuniongezea wali.

Singeweza kumkaza zaidi. Mimi ni mtoto wa kaka yake, na kwetu mtoto haulizi. Baba mkubwa na koko, waliokuwa na haki ya kumwita katikati ya sebule, wamuulize, na wangoje jibu lake, wote wawili wamelala makaburini.